Mafuta Kwenye Mkanda

"Hii ndiyo inakimbia?" Mama Phyllis aliuliza.

"Ndiyo hii."

"Haina magurudumu."

"Inateleza, mama. Mbele ina miguu miwili ya kuteleza, nyuma ina mnyororo mpana wa mpira."

"Na breki?"

"Iko."

"Unasema iko kama mtu ambaye hajaiona."

Nyanchama akainama kuitafuta. Ilikuwa Alhamisi jioni, mwezi wa pili, na wawili hao walikuwa wamesimama kwenye maegesho nyuma ya ghorofa lao huko Scarborough, wakiitazama pikipiki ya theluji ya Kinoti, mume wa Nyanchama, juu ya trela kama watu wanaomkagua ng'ombe wasiyejua kama ni mgonjwa au ni mkali tu. Mama Phyllis alikuwa kiongozi wa kina mama wa maombi kanisani. Alikuwa ameshaombea viza, matumbo ya uzazi, mitihani ya leseni ya udereva, na mahojiano ya kazi yasiyohesabika. Hata pasi za kusafiria alizipaka mafuta, kwa pembeni, ili picha isiharibike.

"Na Jumamosi anakwenda wapi nayo?"

"Kwenye mbio za chama. Uwanjani, si ziwani. Huko kuna wakaguzi, kuna ambulensi, kuna bima. Akipita ukaguzi ameniahidi ataacha ziwa kabisa."

"Na asipopita?"

"Amesema asipopita nisimuulize tena habari za ziwa mpaka afe."

"Shindwa!" Mama Phyllis alisema, na kumtupia shetani mkono.

Nyanchama alikuwa na sababu. Wiki tatu nyuma alikuwa amesimama kando ya lile ziwa lililoganda, ambako Kinoti na wenzake hushindana, thermosi ya chai mkononi, akaona mashine ya kijana mmoja anayeitwa Shaun ikizama mita chache kutoka ufukoni. Barafu haikupiga kelele. Ilifunguka tu, kama mdomo wa mtu aliyelala. Shaun alitoka amelowa mpaka kiunoni, na wanaume wote wakacheka. Kinoti naye alicheka, lakini alichelewa. Wengine walikuwa wamekwisha kucheka ndipo yeye alipoanza. Nyanchama alikiona hicho kicheko kilichochelewa, akarudi nacho nyumbani, na tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Mama Phyllis akatoa chupa ya mafuta ya zeituni mkobani. "Moyo wake uko wapi?"

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Nyanchama hakujua injini. Kazi yake ilikuwa jikoni, kwenye nyumba ya kulelea wazee, kusugua masufuria na mabomba ya moshi. Lakini alikuwa mtu wa kuangalia. Alikuwa amemwona mume wake mara nyingi akifungua kifuniko cha ubavuni, akifuta magurudumu mawili makubwa ya chuma na mkanda mweusi unaoyazunguka, akiyafuta kwa kitambaa safi, taratibu, kama anayemfuta mtoto masikio. Hakuna sehemu nyingine aliyoiheshimu hivyo. Basi akafungua vibano vya kile kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Nadhani ni hapa."

Mama Phyllis akaomba kwa nguvu mpaka mtu akafungua dirisha ghorofa ya nne. Akamimina. Nyanchama alidhani yatakuwa matone matatu. Ilikuwa nusu chupa.

"Baba yake Lynette atajua?" Mama Phyllis aliuliza, akifunga kizibo.

"Akijua atasema nimemfanya mtoto."

"Basi asijue. Mungu anajua."

*

Kinoti aliamka Jumamosi akiwa mtu mwingine. Alinyoa. Aliimba wimbo wa Kimeru ambao mkewe Mkisii hakuuelewa hata neno. Walimwacha binti yao Lynette kwa rafiki yake wa shule, nao wakaendesha kwa karibu saa mbili kwenda kaskazini mashariki, mpaka kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo ambao wakati wa baridi hukodishwa kwa chama cha mbio.

Getini alikaa mzee mwenye kofia ya manyoya. Aliitazama pikapu yao, akatazama trela, akamtazama Kinoti.

"Mwenye mashine yuko nyuma yenu?" aliuliza.

"Mwenye mashine ni mimi."

"Namuuliza dereva. Atakayekimbia."

"Ni mimi."

"Wewe unakimbia?" Mzee hakuwa na ubaya wowote usoni. Hilo ndilo lililouma zaidi. Alichukua ada ya kuingia, akampa Kinoti karatasi tatu za kujaza, na Nyanchama akafungwa mkanda wa karatasi mkononi, wa rangi ya kijivu, wa watazamaji.

"Ziwani hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama mimi ni mimi," Kinoti alisema walipokuwa wakiegesha.

"Ziwani hakuna anayejua wewe ni nani ukizama."

"Umeanza."

"Sijaanza. Jaza karatasi."

Mkaguzi aliitwa Valeria. Alikuwa mama wa makamo, mnene kwa koti, penseli sikioni, na alikuwa na njia yake ya kukagua: hakumtazama mwenye mashine kabisa. Alitazama mashine. Kinoti alisimama pembeni amekunja mikono nyuma, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Valeria aligeuza helmeti, akatafuta kibandiko chake cha kibali, akakiona. Akavuta uzi unaofungwa kifuani mwa dereva ili akianguka injini izime, ikazima. Akapiga teke mpira wa nyuma unaozuia theluji kuruka. Kila mara alitia alama. Nyanchama alihesabu alama kama anayehesabu pumzi.

Kisha Valeria akafungua kifuniko cha ubavuni.

Akapitisha kidole chini, akakisugua kwa dole gumba, akanusa. Akakinusa tena.

"Inavuja," alisema kwa Kiingereza.

"Haiwezi," Kinoti akasema. "Upande huo ni mkavu. Ni magurudumu na mkanda tu. Mafuta hayafiki huko hata tone."

"Basi hili ni nini?"

Kinoti akainama. Nyanchama aliyaona mabega yake yakishuka, taratibu, kama hema lililokatwa kamba. Ule mkanda uling'aa. Chini yake, kwenye sinia la plastiki, kulikuwa na kidimbwi cha kijani.

Valeria akabandika karatasi nyekundu kwenye kioo cha mbele. "Mashine yenye mafuta haikimbii hapa. Yakidondoka njiani, anayefuata ndiye anayevunjika shingo. Daraja lenu la mashindano linafungwa saa tano u nusu. Ikiwa kavu, nirudishie. La sivyo, asante kwa kuja. Ada hairudishwi."

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu. Mtu mmoja akasema kitu, mwingine akakohoa ili asicheke. Kinoti akaisukuma mashine yake kando peke yake, akateleza, akapiga goti kwenye theluji, akainuka.

*

"Ni Kamil," Kinoti alisema.

"Kamil amefanya nini?"

"Si alikuja jana pale maegeshoni kuniletea zile kamba za kufungia? Nilipanda juu kuchukua funguo nikamwacha na mashine. Dakika tano! Na akaniambia, 'Nenda, bwana, utarudi tu kwetu.' Alikuwa anacheka. Ona sasa alichokuwa anacheka."

Kamil ndiye aliyekuwa mkuu wa mbio za ziwani, kama mahali pasipo na wakuu panaweza kuwa na mkuu. Wazazi wake walikuwa Waismaili wa Dar es Salaam; yeye alizaliwa hukuhuku, akakulia Mississauga, na Kiswahili alikipata kwa mama yake, Bi Shafina, ambaye alikataa kujibu mtoto aliyemsemesha Kiingereza. Kinoti alipofika nchi hii na kupata kazi ya kutengeneza mashine za kukatia majani, Kamil alikuwa mteja wa kwanza aliyemsalimia kwa Kiswahili. Ni yeye aliyempeleka ziwani. Ni yeye aliyempa kiti chake cha kwanza kati yao.

Kinoti alikwisha toa simu.

Nyanchama angesema wakati huo. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alimtazama mume wake usoni, akaona kwamba kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na aibu. Alikuwa na hasira, na hasira ilimkaa vizuri kuliko aibu. Akamwachia dakika moja ya hasira. Dakika hiyo ilitosha.

"Mchawi wewe!" Kinoti alipaaza sauti simuni. "Umenimwagia mafuta kwenye mkanda!"

"Mafuta gani? Kinoti?" Sauti ya Kamil ilitoka katikati ya kelele za injini nyingine nyuma yake. "Uko wapi?"

"Unajua niliko! Hukutaka nije! Ulitaka nibaki nikiwachekesha kwenye barafu yenu mbovu!"

"Ndugu, nimekula nyumbani kwako. Mkeo amenipakulia. Nitakumwagia mafuta mimi?"

"Muhindi ni Muhindi tu."

Upande wa pili zilisikika injini tu. Kisha simu ikakatwa.

"Si Kamil," Nyanchama alisema.

"Unamtetea?"

"Si Kamil, Baba Lynette. Ni mimi. Mimi na Mama Phyllis. Tuliiombea Alhamisi. Akauliza moyo uko wapi nikamwonyesha hapo. Nilifungua mimi mwenyewe."

Kinoti alimtazama. Akatazama mashine. Midomo yake ilitembea kabla sauti haijafika.

"Mafuta ya zeituni."

"Ya maombi."

"Kwenye klachi."

"Nilidhani ndiyo moyo. Wewe huwa unapafuta hapo kama... Nilidhani ndiyo moyo."

"Nusu lita!"

"Nusu chupa."

Alicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa na furaha ndani yake, kilikuwa kama mtu anayekohoa mfupa. "Miaka mitatu naiunga mashine hii. Bolti kwa bolti. Nimeshika uchafu wa watu wote wa mji huu ili niinunulie vipuri. Na mke wangu anaikaanga." Akaokota helmeti. "Panda gari. Twende ziwani. Huko hawanusi vidole."

"Siendi."

"Nyanchama."

Alipomwita kwa jina badala ya Mama Lynette, mambo yalikuwa mabaya. Lakini hakupanda gari. Alivuka theluji mpaka kwa Valeria, akapita foleni yote, watu wakimtazama, mkanda wake wa kijivu wa mtazamaji ukionekana, na akasema kwa Kiingereza chake cha jikoni, neno moja moja, kwamba mashine haivuji. Mafuta yaliwekwa. Aliyaweka yeye.

"Mafuta ya aina gani?" Valeria aliuliza.

"Ya kupikia. Ya kanisa."

"Ya kupikia au ya kanisa?"

"Ni yaleyale. Tumeyaombea. Ili asife."

Wanaume kwenye foleni wakacheka waziwazi sasa. Mmoja akauliza kama chumvi nayo iliwekwa. Nyanchama alisimama. Alikuwa amewahi kuchekwa na watu wenye sababu ndogo zaidi. Alisubiri kicheko kiishe kama mtu anayesubiri basi lipite ili avuke.

Valeria hakucheka wala hakumwonea huruma. "Sheria yangu haiulizi mafuta yametoka wapi," alisema. "Inauliza kama yapo. Una dakika hamsini."

*

Kinoti alikuwa amekaa kwenye mlango wa pikapu, miguu nje. Nyanchama alivua glavu.

"Hayatoki hayo," Kinoti alisema.

"Mafuta ya injini unayajua wewe. Mafuta ya kupikia nayajua mimi. Miaka minne nakwangua mabomba ya moshi. Toa hilo sinia."

"Usitie maji!"

"Nani ametaja maji? Kwenye chuma piga ile dawa yako ya mkebe, ya kusafishia breki. Sinia na kifuniko nipe mimi, nitavipeleka chooni kwao, kuna maji ya moto na sabuni ya vyombo. Nimeiona."

"Umeiona lini?"

"Tulipofika."

Akamtolea sinia. Akamtolea kifuniko. Hakumtazama, lakini alitoa. Nyanchama akasugua kwenye sinki la choo cha wanawake, mikono ikawa myekundu, mwanamke mmoja akamsogezea kopo la sabuni bila kuuliza neno. Aliporudi, Kinoti alikuwa ametandaza zile sehemu za klachi kwenye gazeti, akizipulizia dawa na kuzifuta, zikitoa harufu iliyochoma macho. Walifanya kazi bega kwa bega bila kuongea, isipokuwa "leta hiyo," na "si hiyo, ile."

Mkanda ulikuwa umekwisha kunywa. Kila walipoufuta, mafuta yalichuruzika tena kutoka kwenye nyuzi zake, kama jasho.

"Nina wa zamani kwenye sanduku," Kinoti alisema mwishowe. "Umelika. Utateleza."

"Utakimbia?"

"Utakimbia kama mzee."

"Basi ukimbie kama mzee."

Saa tano na dakika ishirini na tatu Valeria alipitisha karatasi nyeupe ya shashi chini ya klachi, kwenye sinia, kwenye pembe zote. Akaiinua kwenye mwanga. Akaipitisha tena sehemu moja aliyoishuku. Kisha akabandua karatasi nyekundu na kubandika ya kijani, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama Kinoti.

"Mkanda huo ni mbovu," alisema. "Lakini ubovu wa mkanda ni shida yako, si yangu. Nenda."

Nyanchama akashika ukuta wa trela. Amepita. Hilo tu ndilo alilokuwa akiomba tangu Shaun azame: amepita.

Zilikuwa njia mbili zilizonyooka, marobota ya nyasi pembeni, mlingoti wa taa za kuanzishia mbio katikati. Ambulensi ilisimama mwisho, wahudumu wawili wakinywa kahawa kwa uvivu uliomfurahisha sana. Ziwani, mbio zilipoanza, yeye hufunga macho. Hapa alijaribu kuyafungua. Taa zikashuka, ya njano, ya njano, ya kijani. Aliyekuwa kushoto akaruka kama jiwe la manati. Kinoti alibaki palepale. Injini yake ililia juu, mkanda ukateleza, moshi mdogo ukatoka ubavuni, ndipo mashine ikashika na kuondoka. Alipofika mwisho mwenzake alikuwa amekwisha kugeuza.

Akarudi akisukuma, karatasi ndogo mkononi, ya muda wake.

"Nimepigwa."

"Nimeona."

"Mashine ya baba yangu ya kusaga mahindi ingenipita." Aliitazama ile karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena. Hakutulia. Alizunguka trela mara mbili. "Saa mbili barabarani, karatasi tatu, saa nzima kuosha vyombo, halafu unakimbia kiasi cha kupiga chafya mara mbili. Imekwisha. Ziwani ningekuwa nimekimbia mara ishirini. Hapa hata wa kubishana naye hakuna. Mashine inakuambia umeshindwa, umeshindwa."

"Lakini umepita ukaguzi."

"Nilisema nikipita."

"Ndiyo."

"Sikusema nikipita halafu nikipigwa."

Nyanchama akaanza kukusanya vitambaa vyenye mafuta. Alijua mahali maneno ya mume wake yalipokuwa yakielekea, na alijua kwamba kuyawahi ni kuyasukuma.

"Hata hivyo lazima twende," Kinoti alisema, akianza kufunga mashine. "Si kukimbia. Kamil. Neno nililomwambia huwezi kulifuta kwa simu."

Hilo hakuweza kulipinga.

*

Walifika ziwani saa tisa. Jua lilikuwa limetoka, na juu ya barafu kulikuwa na maji, membamba, yaking'aa. Pikapu kumi na mbili zilipangwa ufukoni. Mtu alikuwa akichoma nyama kwenye jiko la chuma. Walipomwona Kinoti wakapiga honi, wakaimba jina lake, na Nyanchama aliuona uso wa mume wake ukifunguka jinsi ambavyo haukufunguka mahali pengine popote mwaka mzima, si kazini, si kanisani. Hapa hakuna aliyemuuliza mwenye mashine yuko wapi. Hapo ndipo palipomwuma Nyanchama.

Kamil alikuja polepole, helmeti kwapani.

"Salaam aleikum, shemeji," alimwambia Nyanchama kwanza. Kinoti hakupewa salamu.

"Kamil, nimekuja kukuomba radhi," Kinoti akasema. "Si wewe uliyefanya. Na lile neno la mwisho, hata kama ungekuwa wewe, halikuwa neno la kusemwa."

"Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika," Kamil akasema. "Mama yangu alikuwa garini. Alikuja kutuletea sambusa. Akaniuliza, 'Ni yule kijana mzuri wa Kenya?'"

Kinoti aliinamisha kichwa.

"Nitakwenda kwake. Nitamwomba radhi mwenyewe."

"Utakwenda. Lakini mimi na wewe ni hapa." Kamil akanyoosha kidole kwenye barafu. "Unaijua desturi. Wanaume wakigombana hapa, wanakimbia mara moja, wewe na yeye, mpaka ng'ambo. Atakayeshinda, atakayeshindwa, wakishuka yamekwisha. Ndiyo sheria pekee tuliyo nayo. Shusha mashine, ndugu."

Wale wengine walikuwa wamesogea. "Shusha! Shusha!" Mmoja, ambaye habari zilimfikia kwa njia zake, akasema, "Au imekaangwa?" Wakacheka.

Mkono wa Kinoti ulikwenda kwenye kamba ya trela. Nyanchama aliuona ukienda, haukuwa na haraka, na aliona kwamba haikuwa tamaa ya mbio. Ilikuwa deni la heshima, na deni la namna hiyo mwanaume haombi ruhusa kulilipa. Angemlilia, angelia mbele za watu, naye angelipa vilevile. Kamba ikalegea.

Nyanchama akapanda trela. Akarusha mguu, akaketi kwenye kiti cha mashine, upande wa nyuma, akajifunga mtandio kidevuni.

"Unafanya nini?" Kinoti akauliza.

"Tunakwenda ng'ambo."

"Shuka."

"Kwani barafu si salama? Kama inakubeba wewe, inanibeba na mimi. Mimi ni mwepesi."

"Shemeji," Kamil akasema, karibu kwa upole, "mbio ni za mtu mmoja mmoja."

"Hiyo imeandikwa wapi? Si mmesema sheria hapa ni moja?"

Mtu akapiga mluzi. "Huyo ndiye dereva!" Lakini Nyanchama hakuwatazama. Alimtazama mume wake tu. Hakuwa akitania, na Kinoti, ambaye alikuwa ameishi naye miaka kumi na mitano, alijua sura ya mkewe asipotania: ilikuwa tulivu kabisa, kama anayesubiri zamu yake kliniki.

"Lynette tumemwacha kwa watu," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua tulikomwacha."

Kinoti aligeuka akalitazama ziwa. Aliyatazama yale maji juu ya barafu muda mrefu kuliko ilivyopendeza kwa watu waliokuwa wakingoja.

"Kamil," alisema, "barafu leo ina unene gani?"

"Iko sawa. Tumekimbia tangu asubuhi."

"Nimeuliza unene."

"Asubuhi ilikuwa sawa, bwana."

"Nani aliitoboa? Nani alipima?"

Kamil akamtazama Shaun. Shaun akamtazama mchoma nyama. Mchoma nyama akageuza nyama.

Kinoti akarudisha mkono kwenye ile kamba na kuivuta ikaze. Meno ya kibano yakalia mara moja.

"Kwa hiyo hutaki yaishe," Kamil akasema.

"Nataka yaishe. Nitakuja kwenu Mississauga, nitakaa mbele ya mama yako aniambie lolote. Nitalikubali. Lakini juu ya maji, hapana."

"Unamwogopa mke."

Wanaume walisubiri jibu. Hilo lilikuwa tusi la ziwani, tusi la kila Jumamosi, na lilikuwa na jibu lake la kawaida, na baada ya jibu la kawaida mtu hushusha mashine.

"Namwogopa," Kinoti akasema. "Sana." Akavuta kamba mara ya pili, mpaka haikuweza kusogea.

Hakuna aliyecheka. Kinoti akanyoosha mkono. Kamil aliutazama, hakuupokea, wala hakuusukuma. Akavaa helmeti, akaenda kwenye mashine yake, akaiwasha, na kuondoka peke yake juu ya barafu, bila mshindani, maji yakiruka pande zote mbili kama mabawa.

"Twende," Nyanchama akasema akiteremka.

"Ngoja."

Alikuwa amesimama ukingoni kabisa, mkono bado uko nje ya mfuko, macho kwenye ile nukta nyeusi iliyokuwa ikipungua. Nyanchama akaja akasimama karibu naye. Walisimama hapo mpaka Kamil alipofika ng'ambo.